Anayesema Mimi

Bibi Sinia hakuzaliwa na jina hilo, na ukimwita hivyo asubuhi kabla hajanywa chai atakukata jicho mpaka ujute. Alipewa na wanafunzi wa baba yake enzi zile akiwa bado msichana wa shule. Kila Jumapili alasiri, baba alipofika mahali fulani kwenye somo, alipiga kofi moja, na binti akatokea jikoni na sinia mikononi, anatembea kwa hadhari asimwage kitu. Sasa ana miaka arobaini na ushee, ni fundi wa meno bandia ambaye madaktari wanamgombania, na bado watu wenye mvi wanamwita Sinia. Jina likishakuganda, hata uoge na sabuni gani halitoki.

Baba yake ndiye Mwalimu. Alifundisha hesabu sekondari mpaka akastaafu, lakini kazi aliyoipenda hasa ilikuwa ile ya Jumapili, sebuleni kwake, ya kuwaeleza watu falsafa ya Kihindu aliyoirithi kwa baba yake mwenyewe. Hiyo ni elimu ya kale inayovipanga vitu vyote vilivyomo duniani, kuanzia udongo mpaka akili, na kusema kipi kimetoka kwa kipi. Waliokuja ni fundi cherehani mstaafu, mkunga mmoja mnene mcheshi, muuza baiskeli, na yeyote ambaye mvua ilimkuta mlangoni.

Kwenye sinia kulikuwa na bakuli tupu, kipepeo cha mkono, mshumaa, glasi ya maji yaliyotiwa chumvi kidogo, na donge la udongo mkavu. Mwalimu aligonga bakuli kwa kijiko, likalia. Hiyo ni nafasi tupu, alisema, akasha, na bila nafasi sauti haina pa kukaa. Halafu akawapepea mashavuni wausikie upepo kwenye ngozi, maana hewa ndiyo inayoguswa. Akawasha mshumaa, maana moto ndio unaoyapa macho kazi. Maji yakapita kutoka mdomo hadi mdomo, kila mtu akaonja, mkunga akikunja uso makusudi ili watu wacheke. Mwishoni aliudondoshea udongo matone machache, na harufu ikapanda, ile harufu ya mvua ya kwanza.

Hapo ndipo alipowashika. Mnadhani, aliwaambia, kwamba vitu hivi vitano viko upande huu, na akili yenu iko upande wa pili inavitazama. Si kweli hata kidogo. Udongo na akili ni ndugu, wametoka tumbo moja. Mama yao ni Prakriti, maumbile ya asili, naye amesokotwa kwa nyuzi tatu: wepesi unaong'aa, mwendo usiotulia, na uzito unaolaza. Nyuzi zikilingana, hakuna kinachotokea. Zikipishana tu, anazaliwa wa kwanza, nao ni uwezo wa kupambanua na kuamua. Huyo anamzaa ahamkara, yaani yule ndani ya mtu anayesema "mimi" na "changu". Na kutoka kwa huyo msema-mimi ndipo zinapomiminika habari nyingine zote: akili inayopokea taarifa za macho na masikio, milango ya fahamu yenyewe, ulimi wa kusemea, mikono na miguu, sauti na ladha na harufu, na mwisho kabisa udongo huu mnaounusa. Vyote pamoja ni ishirini na vinne. Wa ishirini na tano yuko nje ya ukoo huo. Ni purusha, Shahidi. Hafanyi lolote, haendi popote, anaona tu.

Fundi cherehani hakuchoka kuuliza Shahidi yuko wapi kwenye sinia. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, akamjibu kwamba Shahidi ndiye anayelitazama sinia, bwana wee, humpati humo hata ukilamba. Jumapili iliyofuata fundi aliuliza tena.

Basi, ndivyo walivyoishi, mpaka kiharusi kilipompiga Mwalimu. Kilichukua upande wake wote wa kulia na karibu maneno yake yote. Aliyekuwa akisema saa nzima bila kumeza mate alibakiwa na "ndiyo", "aa-aa", na jina la binti yake, hilo la utotoni ambalo hatulitaji hapa kwa sababu ni lao wawili. Mama wa nyumba hiyo alikwishafariki zamani. Mtoto mwingine, mdogo wake Bibi Sinia wa kiume, anaishi mtaa wa tatu kutoka hapo na mke na chumba cha wageni kisicholaliwa na mtu. Hakuwa mtu mbaya, na mkewe pia hakuwa na neno. Siku ya kwanza tu walisema baba ahamie kwao.

Bibi Sinia alikataa. Hakukataa kwa ukali, alikataa kwa sababu ambayo kila mtu aliiona kwa macho yake. Baba hakula kwa mkono wa mtu mwingine. Walimjaribu. Mkamwana alipomletea kijiko mdomoni, mzee alifumba midomo kama mlango wa benki. Kijana wake alipojaribu, vilevile. Akaja dada aliyeajiriwa kumwogesha na kukaa naye mchana, naye akajaribu mbele ya wote, mdomo ukafungwa na jicho moja likamgeukia binti. Bibi Sinia akakichukua kijiko, na mdomo ukafunguka bila shida. Alilia siku ile, na nusu ya machozi yale, tuseme ukweli, yalikuwa ya fahari.

Tangu hapo akapiga marufuku. Dada wa kazi amwogeshe mzee, amgeuze, amfungulie redio, lakini kijiko asikiguse. Alimlisha asubuhi kabla ya kazi. Mchana alitoka karakana mbio, koti jeupe lina madoa ya nta, akamlisha na kurudi mbio. Jioni tena. Yeye mwenyewe alikula akiwa amesimama, alichokikuta. Akakonda mpaka mkunga akamwambia kwamba kwa mwendo huo watamtumia yeye kama mshumaa kwenye sinia. Mzee, kwa upande wake, alinenepa. Daktari alimpima akashangaa, akamsifu binti kwamba hajaona mgonjwa wa aina hiyo akitunzwa namna hiyo. Sifa ile aliibeba moyoni wiki nzima.

Kazini kwake nako si mahali pa kumpa mtu nafasi ya kuwaza. Karakana iko nyuma ya kliniki, chumba kirefu chenye dirisha moja lililo juu mno kutazamia nje. Daktari analeta chapa ya fizi za mgonjwa, fundi anaimwagia plasta, anasubiri igande, anapanga meno juu ya nta moja baada ya jingine, akikumbuka kwamba huyu ni bibi aliyependa kucheka na yule ni karani mwenye taya la ubishi. Kisha analifungia lote ndani ya kopo la chuma pamoja na plasta nyingine, na kulichemsha. Nta inayeyuka na kutoka. Panabaki uwazi mtupu wenye umbo la kinywa cha mtu, na humo anashindilia unga wa waridi utakaokuwa fizi. Alikuwa hodari. Lakini tangu baba augue, mara nyingine akilifunga kopo lile na kulikaza skrubu, kifua kilimbana, akalazimika kwenda kusimama mlangoni avute pumzi.

Aliyemkuta amesimama hapo mlangoni ni Bwana Plasta. Huyu ndiye aliyekuwa akiwaletea plasta, nta na visanduku vya meno kwa gari dogo la kampuni, mjane aliyefiwa na mke miaka kadhaa, mwenye masharubu meupe kwa vumbi mpaka hujui lini yataota mvi. Hakuwa msemaji. Alimletea kiti akae. Safari iliyofuata alimletea kiti kingine, cha kwake. Baadaye akaanza kuhudhuria Jumapili, akikaa nyuma karibu na mlango, na Bibi Sinia akaanza kubadilisha gauni siku za Jumapili, jambo ambalo mkunga aliliona mara moja na hakulinyamazia.

Maana masomo hayakufa. Wanafunzi walikuja kama kawaida baada ya kiharusi, wakakaa, wakamtazama Mwalimu kwenye kiti chake cha magurudumu. Basi fundi cherehani, kwa nia njema kabisa, akamwomba Bibi Sinia awagongee bakuli tu. Akagonga. Neno moja likaleta jingine. Aliyasikia yale tangu utotoni kupitia mlango wa jikoni, yalikuwa yameshamwingia damuni. Mwisho wa somo walimpigia makofi, wakasema ni Mwalimu mtupu, sauti tu ndiyo imebadilika. Kuanzia siku hiyo nyumba ikamwekea zamu nyingine. Aliyekuwa akibeba sinia sasa analibeba na kulieleza, na kulikosha baadaye.

Jumapili moja muuza baiskeli aliuliza swali la maana, si kawaida yake. Alitaka kujua, katika hivyo vyote ishirini na vitano, ni kipi hasa kinachofungwa. Mtu akihisi amenaswa, amekabwa, hana pa kupita, anayehisi hivyo ni nani?

Bibi Sinia alijibu bila kusita. Alisema Shahidi hajafungwa hata siku moja na hawezi kufungwa, hana mkono wa kutiwa pingu. Anayefunga ni maumbile, na anayefungwa ni maumbile hayohayo. Yule anayesema "mimi" anakiona kitendo kinapita mbele yake, anakirukia na kukiita changu. Mikono inapika, yeye anasema mimi napika. Moyo unauma, anasema mimi naumia. Anajifunga kwa kila tendo analolidai. Siku atakayoacha kudai, hakuna kilichobaki cha kufunguliwa. Aliyasema haya vizuri mno. Hata mkunga hakutania. Mwalimu kwenye kiti chake alikuwa anamtazama bila kupepesa, na jicho la upande mzima lilikuwa limelowa. Binti akadhani anajivunia mtoto wake.

Walipokwisha kuondoka, Bwana Plasta alibaki nje akijifanya anakagua tairi. Alimwambia kwa maneno machache kwamba kampuni inamhamishia mji mwingine, mbali, mwendo wa siku nzima kwa gari. Amepata nyumba. Ina chumba cha mbele chenye madirisha mawili makubwa, ameshapima, meza ya fundi meno inaingia. Anataka kumwoa. Mwisho wa mwezi anaondoka na angependa asiondoke peke yake.

Moyo wa Bibi Sinia uliruka kama wa binti wa miaka ishirini, na mara hiyohiyo ukashikwa.

"Baba je?" aliuliza. "Daktari amekataza safari ndefu."

"Mdogo wako amenambia chumba kipo. Mkewe amenambia hivyohivyo. Nimewauliza, usikasirike."

"Hali kwa mkono wa mtu mwingine. Nikiondoka atakufa njaa."

Bwana Plasta hakubishana. Mtu gani atabishana na hilo? Alisema atasubiri jibu mpaka siku ya kupakia mizigo, akaingia garini. Bibi Sinia alirudi ndani akakosha bakuli na glasi, akaukanyaga udongo uliomwagika sakafuni bila kuuona. Aliyataka yale madirisha mawili. Aliyataka sana, na alimchukia kila mtu nyumbani mle kwa muda wa kukosha vyombo, kisha akamlisha baba.

Siku zikaenda. Alimweleza mdogo wake kwamba anamwonea huruma Bwana Plasta lakini afanyeje, na mdogo wake akamjibu kwamba labda baba akikaa na njaa kidogo atakubali mkono mwingine. Bibi Sinia alimrukia kama simba. Watu wa ukoo walipigiana simu. Wote walikubaliana kwamba yeye ni malaika, na baada ya kukubaliana walikata simu.

Wiki ya mwisho ya mwezi, asubuhi, umeme ulikatika karakana. Majiko yalipoa, mashine ya kung'arishia ikanyamaza, na mwenye kliniki akawaambia waende nyumbani. Bibi Sinia alifika kwake mapema, muda ambao hajawahi kufika tangu baba augue. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Alipopita kando ya dirisha la sebule alisikia kicheko, na kicheko chenyewe kilikuwa cha baba yake, kile cha kukohoa.

Akasimama. Ndani, dada wa kazi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mzee, bakuli la uji mapajani. Alikuwa anamsimulia umbea wa jirani, na katikati ya kila sentensi anachota kijiko na kukipeleka, na mzee anafungua mdomo, anameza, anangoja umbea uendelee. Hakuna aliyelazimishwa. Uji ulikuwa karibu unakwisha.

Kitu cha kwanza alichokihisi Bibi Sinia hakikuwa furaha. Afadhali lisemwe. Alihisi wivu, wivu mkali wa mke aliyemfumania mume, na nyuma ya wivu kukaja woga ambao hakuuelewa. Aliingia.

Dada wa kazi aliruka, kijiko kikadondoka. Mzee alifumba mdomo palepale, kwa nguvu, kama siku zote.

"Tangu lini?" Bibi Sinia aliuliza.

Dada alitazama sakafu. "Tangu wiki niliyoanza, dada. Ukiwa haupo anakula vizuri tu. Kila asubuhi ukishaondoka anakula uji wa pili, na wewe mchana ukija anakula tena. Sikukwambia kwa sababu nilijua utaumia. Na yeye mwenyewe alinikataza, alinionyesha kwa mkono."

Kumbe. Ndio unene wote ule. Ndio maajabu ya daktari. Mzee alikuwa anakula milo miwili ya asubuhi, na wa mchana juu yake, anajishindilia akiwa ameshiba, ili binti yake anayekuja mbio na koti la nta akute bado anahitajika. Mdomo ule haukufungwa ili kumshika. Mwalimu alikuwa amemtazama mtoto wake siku ile ya kwanza kijiko kilipopita mikono ya wengine, ameuona uso wake, akafanya alichoweza kufanya kwa nusu ya mwili iliyobaki.

Bibi Sinia alipiga magoti mbele ya kiti. Baba yake alimtazama. Kisha, kwa taabu iliyomtoa jasho la paji la uso, akiusukuma ulimi uliokuwa umelala, alilitafuta neno ambalo hakuwa nalo tangu augue.

"Ne...nda," alisema. "Nenda, mwanangu."

Dada wa kazi alianza kulia. Aliona jambo limekwisha na limekwisha vizuri. Mtu yeyote angeona hivyo. Chumba kwa mdogo wake kipo, mzee anakula, ruhusa imetoka kinywani kwa mwenyewe, na Bwana Plasta hajapakia hata kiti kimoja. Hakukuwa na mlango uliofungwa popote.

Na Bibi Sinia, hapo chini magotini, alihisi ardhi inamponyoka. Kama baba anakula bila yeye, basi yeye ni nani? Kule kuamka kabla ya wote, kule kukimbia mchana, kule kukonda, malaika wa ukoo, Mwalimu mtupu sauti tu imebadilika, vyote hivyo vilikuwa vimejaa ndani yake mpaka kwenye kingo, na alipojaribu kuwaza amevimwaga hakuona kinachobaki. Alijua vizuri kabisa ni nani anayeogopa. Ni yule msema-mimi, alikuwa amemtaja mbele ya watu Jumapili ile. Kumjua hakukumsogeza huyo hata unywele.

Akanyoosha mkono, akaokota kijiko sakafuni, akakifuta kwa pindo la koti. Akachota uji uliobakia. Baba yake aliutazama mkono huo, akafumba macho, na baada ya kitambo akafungua mdomo.

Siku ya kupakia, Bwana Plasta alipita karakana. Umeme ulikuwa umerudi. Alishusha mifuko yake ya mwisho, akaipanga ukutani kwa utaratibu, akajipangusa mikono. Alisema amesikia kwa mdogo mtu kwamba mzee sasa anakula kwa mkono wowote, na uso wake ulikuwa na tumaini lililomfanya aonekane kijana.

"Ni kweli," Bibi Sinia alisema. "Na ameniruhusu niende."

"Basi nini kinachokuzuia?"

"Si baba tena. Ni mimi."

Lilikuwa jambo la kweli kuliko yote aliyowahi kumwambia mtu. Bwana Plasta alilisikia kama mwanamume yeyote angelisikia, kwamba hatakiwi. Aliinamisha kichwa, akasema ahsante kwa kunambia waziwazi, akamtakia mzee afya njema. Bibi Sinia angeweza kumsahihisha. Kulikuwa na nafasi ya kutosha kati ya meza na mlango, na yule bwana alitembea polepole. Lakini saa ilikuwa inakaribia ya kumlisha baba, akaanza kuvua koti.